Nguo ni nyingi, za kuvaa hakuna: nilivyolipanga upya kabati langu kwa kufuata rangi

Doti Moja (mleta uzi)

Habari za leo, wanajukwaa. Nimekuwa nikisoma nyuzi za mavazi humu kwa muda mrefu bila kuchangia, na leo nimeona nilete jambo lililonigharimu miaka miwili na fedha nisizopenda kuzihesabu. Mwezi wa Februari nilitoa nguo zote kabatini nikazitandaza kitandani, nikakuta nguo za juu 58, na katika hizo 31 sikuwa nimezivaa tangu mwaka uliotangulia. Hazikuwa mbovu wala hazikunibana. Nyingi zilikuwa za ukoo mmoja wa rangi: kahawia, haradali, kijani cha jeshi, rangi ya maziwa, rangi ya udongo. Nilizinunua kwa makusudi, kwa sababu programu moja ya simu ilinipiga picha usiku chini ya taa ya sebuleni ikaniambia kuwa mimi ni mtu wa "vuli", nami nikaamini kwa kuwa ni maji ya kunde na rangi hizo nilizihesabu kuwa ndugu wa ngozi yangu. Kila nilipozivaa, wenzangu kazini waliniuliza kama nimelala vizuri.

Kwa wasioujua utaratibu huu, uchambuzi wa rangi za majira ni kumtazama mtu ngozi, macho na nywele, kisha kumweka katika kundi la rangi zinazoelewana na uso wake. Makundi ya msingi ni manne na yamepewa majina ya majira ya Ulaya. Mifumo ya baadaye imeligawa kila kundi mara tatu, yakawa 12. Niseme kidogo juu ya asili yake, maana bila kuijua mtu hudhani kwamba ni ramli. Mwaka 1824 mkemia wa Kifaransa Michel Eugène Chevreul alipewa usimamizi wa kazi ya kutia nyuzi rangi katika karakana za Gobelins mjini Paris, zinazofuma mazulia ya kutundikwa ukutani, akapokea malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za hapo zimepauka. Alizilinganisha na nyuzi nyeusi za karakana nyingine akaona hazina kasoro yoyote. Weusi ulionekana kupauka kwa sababu ulifumwa kando ya buluu na zambarau. Jicho haliisomi rangi peke yake, huisoma pamoja na jirani yake. Chevreul alitoa kitabu juu ya jambo hilo mwaka 1839, na katika karne iliyofuata Johannes Itten, Mswisi aliyefundisha katika shule ya Bauhaus huko Ujerumani kuanzia 1919 hadi 1923, alieleza jinsi wanafunzi wake, kila mmoja alipoachiwa achague rangi anazoziona zinapatana, walivyochagua rangi zilizoshabihiana na sura zao wenyewe.

Wazo hilo liliingia kwenye mavazi, na mwaka 1980 kitabu cha Mmarekani Carole Jackson, Color Me Beautiful, kikalieneza kwa watu wa kawaida. Kwetu sisi kitabu hicho kilikuwa na kasoro kubwa: kiliwarundika weusi walio wengi katika kundi la majira ya baridi, kana kwamba mweusi tii na maji ya kunde wana ngozi moja.

Majina ya majira nayo yalinipoteza. Watafsiri huandika "masika" mahali pa majira ya machipuko ya Ulaya, lakini masika yetu ni Machi hadi Mei, mvua, tope na mawingu mazito, na hakuna mtu atakayeyaona mawingu hayo akafikiria maua mepesi ya manjano. Vuli yetu ni mvua za Oktoba hadi Desemba. Vuli yao ni majani yanayogeuka rangi ya kutu na kupukutika. Nikaona niyabatize upya kwa vitu ninavyovijua. Machipuko nimeyaita genge la matunda: embe, papai, chungwa, nyanya, rangi zenye umanjano ndani yake na zilizochangamka. Majira ya joto ni bahari ya alfajiri, rangi zenye ubuluu ndani yake ambazo zimefunikwa na ukungu. Vuli ni duka la viungo: bizari, mdalasini, karafuu kavu, hiliki. Majira ya baridi ni kisutu, ile kanga ya harusi ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, rangi kali ambazo hazijachanganywa na kitu. Lugha yenyewe inaturuhusu, kwani Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyochukua viambishi, -eusi, -eupe na -ekundu. Nyingine karibu zote tumezichukua kwenye vitu, kahawia kwenye kahawa, zambarau kwenye tunda, kijivu kwenye jivu, na damu ya mzee, ambayo mwenye kuibuni sijui alikuwa anatazama nini.

Chini ya majina hayo kuna maswali matatu, yanayokaribiana na vipimo vya rangi alivyovipanga Mmarekani Albert Munsell mwaka 1905. Swali la kwanza ni kama rangi inaelekea manjano au buluu: nyanya iliyoiva na juisi ya choya zote ni nyekundu, ila ziweke pamoja mezani uone zinavyokataana. La pili ni kina chake, yaani iko karibu na nyeupe au na nyeusi. La tatu ni ukali, yaani rangi ni safi au imetiwa kijivu ikapoa. Vipimo vya mitandaoni hulishikilia swali la kwanza, vikikuagiza utazame mishipa ya kifundo cha mkono kama ni ya kijani au ya buluu, na kwenye ngozi yenye melanini nyingi mishipa hiyo haionekani vizuri, hivyo unabaki kukisia. Nimeshawapima dada zangu wawili na majirani watatu, na kwa sisi sote swali la tatu ndilo lililoamua mambo. Nadhani sababu ni kwamba uso mweusi au wa maji ya kunde tayari una tofauti kubwa ndani yake, weupe wa macho na meno dhidi ya weusi wa nywele na nyusi, kwa hiyo ukiuwekea chini yake rangi iliyopoa yenye kina kile kile cha ngozi, mpaka kati ya shingo na nguo unafutika na tofauti ile inabaki inaelea bila pa kushika.

Nilivyojipima ni hivi. Shangazi yangu ana sanduku la kanga za tangu ujana wake, zaidi ya doti 20. Saa nne asubuhi tulikaa barazani, mimi nikiuelekea mwanga bila kupigwa na jua lenyewe, uso umeoshwa na haujapakwa kitu, nywele zimefungwa kitambaa cheupe, hereni nimevua. Kanga ina rangi nyingi, kwa hiyo tuliikunja mpaka ionekane rangi moja tu ya pindo au ya mji, tukaiweka chini ya kidevu, tukahesabu mpaka kumi, tukaitoa na kuweka nyingine. Kwa rangi ambazo kanga hazikuwa nazo, nilimwomba fundi wangu mabaki ya bitana. Anayetazama hatakiwi kutazama kitambaa. Anatazama taya, chini ya macho, pembe za mdomo na ukingo wa midomo. Shangazi alipoanza kusifia kitambaa kwamba kizuri, tulikihesabu kuwa kimeshindwa, kwa sababu kilichokuwa kizuri hakikuwa mimi.

Haradali, ambayo nilikuwa nayo ya blauzi sita, ilitia kivuli cha kijivu pembeni mwa mdomo wangu papo hapo. Rangi ya maziwa ilinifanya nionekane nimetoka kuugua malaria. Nyekundu ya kisutu, waridi kali, kijani cha jani la mgomba na nyeupe pe zilifanya macho yawe ya kwanza kuonekana. Buluu kali ya bitana nayo ilipita. Kama ningefuata makundi 12 ningejiita kisutu inayoelekea kwenye genge la matunda, na ilinitosha.

Kuhusu kabati, sikuchoma wala kugawa kila kitu. Sketi na suruali niliziacha zote, kwani rangi iliyo mbali na uso haina madhara makubwa. Nguo za juu zilizokosea nilizigawa: zilizo na shingo pana nilizibakiza nivae na mtandio wa rangi inayonifaa, magauni mawili fundi aliyakata yakawa sketi, tisa niliwapa dada zangu, ambao mmoja wao ni duka la viungo mtupu na haradali yangu imemkaa kama ya kuzaliwa nayo, na zilizobaki niliziuza. Kuzitia rangi upya nilijaribu mara moja tu. Pamba ilikubali, shati la poliesta likatoka na madoa, na katika hali zote mbili rangi haiendi isipokuwa kwenye giza zaidi.

Neno moja kwa wanunuzi wa mitumba. Karume na Manzese meza nyingi zimefunikwa kwa turubai, na turubai la buluu linaipaka buluu kila nguo iliyo chini yake, na uso wako pia. Mwombe muuzaji utoke na nguo hatua mbili nje kwenye mwanga. Hakuna aliyewahi kunikatalia, ingawa mmoja alinifuata akiwa ameshika upindo wa gauni.

Leso ya Kale

Asante dada kwa uzi huu. Mimi niko Mombasa na ninavaa buibui kila nitokapo, kwa hiyo nguo za ndani hazionwi na mtu wa nje. Je, mambo haya yananihusu, au nipite? Nyeusi hunifanya nionekane nimechoka, hasa saa za alasiri, na watoto wangu wamelisema hilo kabla yako.

Doti Moja

Yanakuhusu kuliko yanavyonihusu mimi, dada, kwa sababu ushungi unauzunguka uso pande zote ilhali kola ya shati inaugusa upande mmoja tu. Unakumbuka zile nyuzi za Gobelins: nyeusi hubadilisha inavyoonekana ngozi iliyo karibu nayo, na kwa mtu ambaye uso wake ni wa rangi za upole inaweza kuwa nzito mno. Buibui libaki jeusi. Badilisha ushungi, au uvae kitambaa chembamba cha rangi nyingine ndani yake kitokeze upana wa kidole kwenye paji la uso na chini ya kidevu. Jaribu kwanza kijivu cha lulu, zambarau iliyopoa na feruzi. Ukiona hazikufanyi kitu, nenda upande wa viungo, uanze na rangi ya mdalasini.

Cherehani Kongwe

Nimeshona kwa miaka 26 na ninaomba kumsahihisha mleta uzi mahali pamoja. Binti, bitana inakudanganya. Bitana ina mng'ao, inarudisha mwanga mwingi usoni kuliko kitambaa cha kawaida, kwa hiyo karibu kila rangi ya bitana humpendeza karibu kila mtu, na akija kushonewa nguo ya rangi ile ile kwa kitambaa kisichong'aa analalamika kwamba fundi amemharibia. Tumieni popelini au tetroni, vipande vyote vya kitambaa cha aina moja, vya ukubwa mmoja, angalau upana wa mabega. Fundi yeyote mwenye utu atakupa mabaki.

Jambo la pili linahusu mwanga. Sisi mafundi tunalijua kwa uchungu: unachagua uzi dukani chini ya taa unaona umefanana kabisa na kitambaa, unatoka nje juani unakuta uzi umeelekea wekundu na kitambaa kimeelekea ukijani. Rangi mbili zilizotengenezwa kwa dawa tofauti zinaweza kukubaliana chini ya taa moja na kugombana chini ya nyingine. Kwa hiyo mwenye kazi ya ofisini, anayekaa chini ya taa nyeupe kutwa nzima, ajipime barazani kama mleta uzi alivyosema, halafu ajitazame tena ofisini kwake kabla ya kununua kitambaa cha suti.

Mpita Njia

Ninauliza kwa heshima. Mtu mweusi anapendeza kwa kila rangi, hilo tumelijua tangu utotoni. Sasa tunaambiwa kuna rangi "zinazong'arisha uso". Je, hii si njia nyingine ya kutafuta weupe, ila safari hii kwa kitambaa badala ya mkorogo? Halafu, kuna ushahidi gani wa kisayansi?

Doti Moja

Swali lako ni zuri na ninakiri kwamba wapo wachambuzi wa rangi wanaofanya hivyo hivyo unavyohofia; humwambia mteja kwamba rangi fulani "imemtoa", wakiwa na maana kwamba imemfanya aonekane mweupe zaidi. Nchi yetu imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na hidrokwinoni, na ingekuwa aibu kukirudisha kile kiu kupitia mlango wa nguo. Kipimo changu mimi si weupe. Haradali, ambayo nimeikataa, ndiyo iliyonifanya nionekane mweupe kuliko zote, weupe wa mgonjwa. Waridi kali ilinifanya mweusi zaidi kidogo, na mistari ya midomo na nyusi ikawa wazi. Mtu akikupima na kukusifia weupe, mlipe ujira wake uondoke.

Kuhusu ushahidi, tutenganishe mambo mawili. Kwamba rangi hubadilika machoni kwa sababu ya jirani yake, na kwamba kitambaa hurudisha mwanga wenye rangi yake chini ya kidevu, ni mambo ambayo kila mtu anaweza kuyaona kwa kipande cha kitambaa na kioo. Kwamba binadamu wote wamegawanyika katika makundi manne au 12 ni mpangilio uliobuniwa na watu, na wachambuzi wawili wanaweza kumweka mtu mmoja katika makundi mawili tofauti. Ndiyo maana nimeng'ang'ania maswali matatu na sikutaka jina la kundi. Hilo la kwamba tunapendeza kwa kila rangi sikubaliani nalo, na shahidi wangu ni blauzi sita za haradali.

Mwanakamati

Tatizo langu ni sare. Tangu Juni nimealikwa kwenye send-off mbili, kitchen party moja na harusi tatu, na kila kamati ina rangi yake. Ya mwisho ni dhahabu iliyofifia, kitambaa kimeshanunuliwa, nami nikikiweka chini ya kidevu ninafanana na kikapu. Siwezi kuikataa rangi ya kamati, kwa kuwa bibi harusi ni mtoto wa mama yangu mdogo.

Cherehani Kongwe

Usiikatae, mama. Mwambie fundi wako aishushe shingo, iwe ya mraba au ya duara pana, ili pawe na ngozi ya kutosha kati ya uso na kitambaa. Kisha azungushe lesi ya rangi inayokufaa kwenye ukingo wa shingo, vidole viwili vinatosha. Kilemba usikishone kwa kitambaa cha sare mpaka uone kamati imesema nini. Mara nyingi wanalazimisha gauni na kusahau kilemba.

Leso ya Kale

Nimerudi kuleta taarifa. Nimejaribu feruzi ndani ya ushungi mweusi kwa wiki moja. Feruzi haikufanya lolote. Rangi ya mdalasini ndiyo iliyojibu, na mwanangu wa miaka saba ameniuliza kama leo kuna sherehe. Swali dogo: picha nilizopiga kwa simu zinaonyesha kinyume, mdalasini imekuwa kama tope.

Doti Moja

Hongera sana, dada. Simu hurekebisha rangi zenyewe kila unapobadilisha kitambaa, ikijitahidi kusawazisha picha nzima, kwa hiyo picha mbili za mtu mmoja hazilingani. Shika karatasi nyeupe kando ya uso katika kila picha. Picha ambayo karatasi imetoka na umanjano au ubuluu uitupe. Zima pia ile programu ya kulainisha sura, kwani inafuta vivuli vile vile tunavyovitafuta. Lakini kati ya simu na mtoto wa miaka saba, mimi ningemwamini mtoto.

Na fundi, shikamoo. Nimeufuata ushauri wako. Jumamosi nilipata vipande kumi vya tetroni, tukarudi barazani na shangazi saa ile ile. Nyekundu imebaki, waridi imebaki, kijani cha mgomba kimebaki. Buluu, ambayo niliandika hapo juu kwamba imepita, imeanguka vibaya. Bila mng'ao wa bitana ilinitia weusi chini ya macho, na shangazi alitikisa kichwa kabla hatujafika tano. Kwa bahati mbaya nilikuwa nimeshanunua mita tatu za buluu hiyo hiyo Kariakoo, katika Mtaa wa Kongo, kwa ajili ya gauni. Jumatatu ninampelekea fundi wangu aikate sketi.